Bayi alitangulia tangu bastola ilipolia: uzi kwa wenye ndoto kubwa wanaosubiri "wakati muafaka"

#1 Mbio za Pole (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila wiki humu jukwaani hapakosi uzi wa "amini utaweza". Sina ugomvi na wanaoziandika, ila nikimaliza kusoma huwa sijui kesho asubuhi nikiamka naanza na lipi. Leo naleta mtu mmoja na mbio moja ambazo hazikufika hata dakika nne. Someni mpaka chini ndipo mnishukie.

Mtu ni Filbert Bayi. Vijana wengi jina wanalijua kwa sababu ya shule za Kimara na Kibaha, wakipita na daladala wanalisoma ubaoni, basi. Mwenye jina alizaliwa Karatu mwaka 1953, akaingia jeshini, na akiwa na miaka 20 alifanya jambo ambalo wapenzi wa riadha wa Ulaya na New Zealand wanalijadili kuliko sisi wenyewe.

Kwanza muelewe mita 1500 zinavyokimbiwa kwenye fainali kubwa, zamani hata sasa. Ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Wenye akili zao hawatangulii. Anayetangulia ndiye anayepasua upepo, wenzake wamejificha mgongoni kwake wanapumua. Yeye hawaoni, wao wanamwona mpaka mshono wa fulana. Ndiyo maana fainali nyingi huanza kinyonge, watu wanategana, wanakanyagana visigino, halafu zikibaki mita 300 hivi ndipo shughuli inaanza. Mwenye kasi ya mwisho anaondoka na medali.

Bayi aliikataa hesabu hiyo. Bastola ikilia, anaondoka. Hakuna cha kumsikilizia mtu.

Na hakuanza akiwa mkubwa. Olimpiki ya Munich 1972 aliingia kwenye mita 1500 na kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Kote kuwili aliishia mchujo. Angekuwa wa ukoo wangu, wajomba wangekaa kikao wamwambie mwanetu umejaribu, sasa tulia na kazi yako ya jeshi. Miezi michache baadaye, Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika kule Lagos, alimshinda Kipchoge Keino kwenye mita 1500. Keino yule yule wa dhahabu ya Mexico 1968, ambaye Munich aliondoka na dhahabu ya viunzi na fedha ya 1500. Juni mwaka huo Bayi akaenda Helsinki, akatangulia kama kawaida yake, akamaliza kwa 3:34.6.

Kwa hiyo alipofika Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, hapakuwa na siri. Kila aliyepanga naye mstari tarehe 2 Februari 1974 alijua atafanya nini. Na waliopanga hawakuwa wa kubahatisha. John Walker na Rod Dixon wako kwao, Dixon ana shaba ya Munich. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa ameshabeba dhahabu mbili kwenye michezo ile ile. Mike Boit naye yumo. Rekodi ya dunia ilikuwa 3:33.1, ya Mmarekani Jim Ryun tangu 1967, na miaka sita na nusu hakuna aliyeisogelea akaiondoa.

Bastola ikalia, Bayi huyo. Hapakuwa na mtu wa kukodiwa amvutie kasi kama siku hizi, kasi aliivuta mwenyewe. Mzunguko wa pili tayari kuna Bayi, kuna uwazi mkubwa, ndipo kuna kundi. Sasa kila anayeijua riadha anasubiri mafuta yaishe. Mzunguko wa mwisho Walker anachomoka, uwanja mzima wa nyumbani kwao unapiga kelele, na kwenye mita mia za mwisho anamla Bayi hatua kwa hatua. Bayi hakukatika. Alimaliza kwa 3:32.16. Walker 3:32.52. Jipcho 3:33.16.

Zisomeni tena hizo namba. Walker aliivunja rekodi ya dunia iliyokuwepo asubuhi ile, na akashika nafasi ya pili. Tofauti yao, ukipiga hesabu ya ile kasi, ni kama mita mbili na nusu.

Rekodi ile ilidumu mpaka Agosti 1979 Sebastian Coe alipokimbia 3:32.03. Na kama rekodi ya michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu mpaka Birmingham 2022, Mwaustralia Oliver Hoare alipokimbia 3:30.12. Miaka 48.

Hoja yangu sasa. Tukisema Bayi alishinda kwa sababu "aliamini", tunawaonea wenzake. Walker aliamini. Jipcho aliamini, tena alikuwa na sababu mbili za dhahabu shingoni. Imani walikuwa nayo wote. Bayi aliwazidi kwa kukubali kuonekana mapema. Ukikaa katikati ya kundi, ukishindwa hakuna anayejua ulikuwa unataka nini, hata wewe unaweza kujidanganya kwamba hukutaka sana. Ukitangulia, uwanja mzima unajua unachokitaka, na ukikatika unakatikia mbele za watu.

Ndoto nyingi za mitaani kwetu zinakaa katikati ya kundi. Mtu anataka kufungua karakana. Miaka inapita hajamwambia hata mkewe, hajaulizia hata kodi ya fremu, maana akishaulizia mambo yameanza kuwa kweli.

Nawasilisha.

#2 Kidawa wa Chumbageni

Nimesoma mpaka chini kama ulivyoagiza. Hiyo ya kodi ya fremu mkuu umenilenga mimi, sema tu ukweli nani kakwambia 😂

#3 Ngoja Kwanza

Nimewahi siti. Wajuvi waje.

#4 Chuma Chakavu

Mleta uzi unaandika vizuri, historia umeipanga, lakini mchezo wenu naujua. Mnachagua mshindi, mnarudi nyuma kuokota tabia zake, mnatuuzia kama dawa. Waliotangulia wakakatikia mzunguko wa pili ni wangapi? Hao hawana uzi.

Pili, Bayi alikuwa mwanajeshi. Angeshindwa Christchurch angerudi kambini, kuna chakula, kuna mshahara. Mimi nikitangulia nikakatika, mwenye nyumba anataka chake tarehe moja.

Tatu, mbona umeishia 1974? Endelea basi. Edmonton 1978, Jumuiya ya Madola hiyo hiyo, Mwingereza Moorcroft alimpita: 3:35.48 kwa 3:35.59. Olimpiki ya Moscow 1980 aliongoza, akapitwa mzunguko wa mwisho. Mtindo wako wa kutangulia uliomba dhahabu ukapewa fedha mara mbili.

#5 Mbio za Pole

Chuma, nilikuwa nakusubiri wewe.

Ya kwanza nakupa yote, sina ubishi. Ya pili nakupa nusu: mshahara ulikuwepo, lakini mshahara haukukimbilii mzunguko wa mwisho na Walker yuko kisogoni.

Ya tatu ndiyo niliyoitaka, maana 1974 ni sehemu rahisi ya hadithi. Mei 1975 Bayi alikwenda Kingston, Jamaica, akavunja rekodi ya dunia ya maili moja kwa 3:51.0, ya Ryun ilikuwa 3:51.1. Agosti mwaka huo huo Walker akajibu kule Göteborg, Sweden: 3:49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Kwa hiyo dunia nzima ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976, hawa wawili uso kwa uso.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu mwaka ule ule wa maandamano ya wanafunzi wa Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Montreal, Kamati ya Olimpiki ikagoma, Afrika ikasusia. Tanzania ikiwemo. Walker akakimbia bila Bayi, akachukua dhahabu. Muda wake mnaujua? 3:39.17. Sekunde saba nyuma ya kile Bayi alichokifanya Christchurch. Siku hiyo walitegana kama nilivyoeleza pale juu, kwa sababu hapakuwa na wa kuwatoa kwenye kutegana.

Sisemi tulikosea kususia. Wenye mawe mikononi kule Soweto walikuwa watoto wa shule, medali ilikuwa jambo dogo. Nasema tu kwamba kuna kijana wa miaka 23 alilipa sehemu ya deni lile kwa mwili wake, na hajawahi kurudishiwa chenji.

Sasa Moscow. Unajua alikimbia nini Moscow? Viunzi na maji. Zile zile zilizomtoa mchujo Munich. Miaka minane baadaye akarudi kwenye mbio zilizomwaibisha akiwa kijana, akatangulia, akaacha watu nyuma, na Mpoland Malinowski akamfikia mzunguko wa mwisho. 8:09.7 kwa 8:12.5. Fedha.

Medali za Olimpiki za Tanzania tangu tuanze kwenda ni mbili. Zote fedha, zote Moscow 1980: hiyo ya Bayi, na ya Suleiman Nyambui mita 5000. Wewe unaiona ile fedha ni adhabu ya kutangulia. Mimi naona bila kutangulia asingekuwepo hata kwenye picha.

#6 Mwana wa Eldoret

Jirani zangu, hapo Jipcho mmemnyima haki. Jamaa alikuwa amekimbia viunzi na maji akashinda, amekimbia 5000 akashinda, halafu siku ya mwisho ndio anaingia 1500 na miguu ya mkopo, na bado anafika 3:33.16. Mngempa wiki moja ya kulala tungeongea mengine.

Kuhusu kususia, nyinyi mlikosa moja. Sisi Kenya tulikosa 1976 na 1980 zote. Muulizeni Mike Boit. Alipata shaba ya mita 800 Munich, na baada ya hapo hakukanyaga tena Olimpiki akiwa kwenye ubora wake, si kwa kosa lake. Alichofanya? Alikwenda Edmonton 1978 akachukua dhahabu ya 800, akasoma mpaka udaktari wa falsafa, akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sijui kama hiyo ni ndoto ile ile au ni nyingine. Lakini hakukaa chini kulia.

#7 Mzee wa Ilboru Juu

Wanangu, mjukuu wangu ndiye kanisomea uzi huu, nami nimemwambia aandike.

Februari 1974 nilikuwa kijana. Ilikuwa Jumamosi, na kwa kuwa kule wametutangulia saa tisa, sisi habari tuliipata mapema kwenye redio. Nakumbuka watu waliuliza mara mbili mbili, "rekodi ya dunia, au ya Afrika?" Hatukuwa na mazoea ya neno dunia kukaa karibu na jina la mtu wa Karatu.

Nyongeza ya kwanza. Mleta uzi, 1976 Bayi alikuwa ameugua malaria kabla ya Olimpiki. Huenda hata tungekwenda Montreal asingekuwa Bayi yule wa Christchurch. Liweke hilo kwenye hesabu zako usije ukamdhulumu Walker.

Nyongeza ya pili. Moscow nayo nusura tuikose. Marekani ilikuwa inasaka nchi za kuisusia, Rais Carter akamtuma Muhammad Ali mpaka Dar es Salaam atushawishi. Mwalimu hakukutana naye. Tukaenda Moscow, na zile fedha mbili mnazozihesabu leo zimetokana na uamuzi huo. Bayi alitangulia, ndiyo, lakini njia ya kufika kwenye mstari ilifungwa mara moja na kufunguliwa mara moja na watu wengine kabisa. Msiwadanganye vijana kwamba kila kitu kiko mikononi mwao.

#8 Kidawa wa Chumbageni

Shikamoo babu. Hii ya Ali sikuwahi kuisikia.

#9 Nyanda wa Usukumani

Mimi napinga uzi kwa upande mwingine kabisa, na shahidi wangu ni Alphonce Simbu.

Septemba 2025, Tokyo, marathoni ya mashindano ya dunia. Joto, unyevu, watu wanadondoka. Simbu hakutangulia popote. Kilomita zote 42 amekaa na kundi ambalo mleta uzi analidharau. Wanaingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, mita za mwisho Simbu anakuja, wanavuka utepe pamoja. Wote wameandikiwa 2:09:48. Ikabidi picha iamue: sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na imechukuliwa na mtu aliyejificha mgongoni kwa wenzake.

Mwangalie na safari yake. Rio 2016 nafasi ya tano. London 2017 shaba ya dunia. Olimpiki ya Tokyo wa saba. Paris 2024 wa 17. Hapo wengi tulishasema mzee kazi imeisha, tumshukuru. Aprili 2025 wa pili Boston, Septemba bingwa wa dunia akiwa na miaka 33. Kutoka shaba mpaka dhahabu ni miaka minane. Hakuna bastola ya kutangulia hapo, hapo kuna uvumilivu wa fisi.

#10 Mbio za Pole

Nyanda umenibana vizuri. Lakini tazama ulichokiandika mwenyewe: "wengi tulishasema kazi imeisha". Mtu kashika nafasi ya 17 mbele ya nchi nzima, kisha mwaka unaofuata anajitokeza tena mstarini Boston, namba kifuani, bendera, na wale wale waliosema imeisha wakimwangalia. Hakujificha kwetu sisi. Alijificha upepo tu.

Isipokuwa sitaki kulazimisha kila bingwa aingie kwenye hoja yangu. Simbu alikimbia kwa kusubiri, na kwa kusubiri akashinda. Marathoni inataka hivyo mara nyingi.

#11 Dodoma Kavu

Mara nyingi, si zote. Juma Ikangaa mnamwacha wapi? Huyo alikuwa Bayi wa marathoni, anatangulia tangu mapema anawaburuza. Boston 1988 alipishana na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja: 2:08:43 kwa 2:08:44. Baada ya kilomita 42! Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili. Katikati ya hapo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa 2:08:01.

Mimi huwa najiuliza alifikiria nini kwenye ndege ya 1990 kwenda Boston. Kashapitwa pale pale miaka miwili mfululizo, na bado kakata tiketi.

#12 Chuma Chakavu

Kakatiwa tiketi, mkuu. Anayealikwa mbio kubwa hakati tiketi mwenyewe. Hilo ndilo ninalolisema tangu juu, mtu akiwa na wa kumkatia tiketi ujasiri unakuwa na bei nafuu.

#13 Mama Cherehani

Mimi riadha siijui, niliingia humu kutafuta bei ya vitambaa. Ila nina kisa.

Hapa Mbagala nina jirani, binti mdogo tu. Alikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme ya mtumba, mkanda wake ameufunga kwa uzi wa fundi viatu. Siku moja tunashtukia fundi maandishi yuko juu ya stuli, anachora ubao: MAFUNZO YA USHONAJI, MIEZI MITATU. Herufi nyekundu, na picha ya mkasi ambao ulitoka kama koleo. Wanafunzi hana hata mmoja! Wamama tulicheka wiki nzima. Kila anayepita anamwita "mwalimu mkuu".

Sasa nilichokiona mimi kwa macho yangu ni kwamba ule ubao ulimfunga. Hakuweza tena kukaa anachezea simu mchana kutwa, maana mtu akija kuulizia atamwambia nini? Akanunua daftari kubwa, akaandika masomo. Siku za kwanza kupima tu, unapima shingo, mabega, unaandika. Halafu kukata magazeti, siyo kitambaa, kwa sababu kitambaa ni ghali na mkono wa mwanafunzi unapotea. Gauni zima la magazeti, na pindo zake. Nilikuwa naziona zimetundikwa dirishani, zimejaa habari za mpira.

Mteja wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye duka la vyakula, aliletwa na mama yake ili asizurure. Huyo ndiye aliyeleta wenzake. Sasa hivi wanakaa mpaka kibarazani, cherehani zimeongezeka, nyingine wanafunzi wanakuja nazo wenyewe. Usajili bado anaufuatilia.

Kwa hiyo sijui kama ule ulikuwa ujasiri au uongo mdogo. Ila alitangulia.

#14 Chuma Chakavu

Ulikuwa uongo mdogo mama, na ashukuru ulikomaa ukawa kweli. Afanye haraka na huo usajili.

Lakini kisa chako nakikubali kuliko cha Bayi, nikwambie kwa nini. Huyo binti akikatika anapoteza nini? Rangi ya ubao na fedheha ya wiki mbili. Cherehani zake zipo palepale. Kutangulia kwa namna hiyo hata mimi naweza. Ninaowapinga ni wale wanaouza kiwanja cha urithi, wanaacha kazi Ijumaa, Jumatatu wanaitwa mkurugenzi, kisa wamesikia mtu jukwaani na kipaza sauti.

#15 Mbio za Pole

Hapo hatugombani. Na ndiyo maana nilitaja Helsinki. Bayi hakuijaribu kasi ile kwa mara ya kwanza Christchurch. Miezi saba kabla alikuwa ameshakimbia 3:34.6 kwa mtindo ule ule, mwili umeshamwambia unaweza kubeba nini. Alipunguza sekunde mbili na kidogo tu kwenye muda aliokuwa nao mkononi. Waliokuwa kwenye viti waliona wazimu. Yeye alikuwa na kumbukumbu.

Anayeuza kiwanja Ijumaa hana Helsinki yake. Binti wa Mbagala alikuwa nayo, alishashonea watu nguo wakazivaa.

#16 Kidawa wa Chumbageni

Haya, kwa kuwa mmenichokonoa. Leo nimekwenda kuulizia. Fremu ipo karibu na stendi, napika chapati na supu tangu nyumbani, wateja ninao wa kupelekewa ofisini. Mwenye fremu anataka miezi sita mbele, na dalali anataka wa mwezi mmoja. Mume wangu nimemwambia jana usiku, akaniuliza "kwani ulikuwa unafikiria hili tangu lini?" Nikanyamaza.

#17 Chuma Chakavu

Kidawa nisikilize mimi, hawa wa rekodi za dunia waache kidogo.

Usilipe miezi sita kabla hujakaa pale asubuhi ukahesabu watu wanaopita kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Omba miezi mitatu, mwambie utaongeza. Akikataa, muulize aliyekuwepo kabla yako aliondoka kwa nini, halafu kamuulize huyo aliyeondoka mwenyewe, majibu hayatafanana. LUKU iwe ya kwako peke yako, usishiriki mita na saluni, utakuja kulia. Angalia maji machafu yanaelekea wapi mvua ikinyesha. Mkataba uandikwe, serikali ya mtaa wagonge muhuri. Na wale wateja wa ofisini usiwaache hata siku moja, hao ndio wanaokulipia kodi mpaka stendi wakujue.

Dalali mpe nusu sasa, nusu ukishapewa ufunguo.

#18 Mwana wa Eldoret

Chuma Chakavu amekuwa kocha 😂

#19 Mzee wa Ilboru Juu

Huyo bwana alikuwa kocha tangu mwanzo, ni mdomo tu. Mwanangu Kidawa, supu yako iwe na ndimu, na usipandishe bei mwezi wa kwanza.

#20 Ngoja Kwanza

Mleta uzi, Nyambui umempa mstari mmoja tu. Mtu kashinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, Moscow kapishana na Miruts Yifter chini ya sekunde moja, halafu anapita humu kama abiria?

#21 Mbio za Pole

13:20.9 kwa 13:21.6, ninayo. Nyambui nilimwacha makusudi, anataka uzi wake peke yake, na mambo ya El Paso, kule Texas alikosoma chuo, yana mengi ndani. Mzee wa Ilboru Juu, kama una kumbukumbu za redio za Moscow 1980 mwambie mjukuu aanze kuziandika, nitakuita.